Mwombaji, Mnufaika au Mwenye Haki? Uhakiki wa Mabadiliko ya Sera ya Hifadhi ya Jamii na Nafasi ya Wazee wa Rumonge, Burundi

Ikisiri

Tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi imefanya mabadiliko kadhaa katika sera zake za afya na hifadhi ya jamii. Tathmini nyingi za mabadiliko hayo huhesabu kaya zilizosajiliwa na fedha zilizogawiwa. Makala haya yanahakiki njia hiyo ya kupima kwa kuitazama kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, hususan Rumonge, ambako maisha ya uvuvi, mawese, ukimbizi na kurejea nyumbani yamezaa wazee wengi wasio na michango wala nyaraka. Hoja kuu ni kwamba mzee hupotea katika sehemu tatu kabla hajafika dirishani pa malipo: katika kipimo cha umaskini, katika ushahidi wa umri na makazi, na katika lugha ambayo sera inamtajia. Makala yanalinganisha hali hiyo na Zanzibar, Kenya na Uganda, kisha yanapendekeza maswali manne ya kupimia mabadiliko yoyote ya sera kabla hayajatekelezwa.

1.0 Utangulizi

Serikali inapobadilisha masharti ya msaada au pensheni, swali la kwanza linaloulizwa ni wangapi wameingia. Swali la wangapi wametoka, au hawakuweza kuingia, huja baadaye, na mara nyingine haliji kabisa. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Aliyeingia ana jina katika daftari, ana nambari na ana saini au alama ya kidole. Aliyebaki nje hana alama yoyote katika kumbukumbu za mradi. Kwa hiyo tathmini inayoanzia kwenye daftari huishia kuwasikiliza wale ambao tayari wamekwisha kusikilizwa.

Rumonge ni mahali pazuri pa kuonyesha tatizo hili. Mji huo uko kusini mwa Bujumbura, kiasi cha kilomita 70 kwa barabara inayofuata ufuo wa ziwa. Watu wake wanaishi kwa kuvua ndagala na mukeke, kwa michikichi na ukamuaji wa mawese, na kwa biashara ndogondogo zinazouunganisha mwambao huo na Kigoma, Uvira na Baraka. Kirundi ndiyo lugha ya taifa, lakini Kiswahili ni lugha ya soko, ya forodha ya samaki na ya nyumba nyingi za mjini. Hapa ndipo sera iliyoandikwa kwa Kifaransa na kutangazwa kwa Kirundi inapokutana na mzee anayehesabu maisha yake kwa Kiswahili.

2.0 Mfululizo wa mabadiliko

Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (INSS) ilianzishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Msingi wake ni mwajiri, mwajiriwa na mchango wa kila mwezi. Watumishi wa umma walipata mfuko wao wa matibabu mwaka 1980. Mwaka 1984 ikaja Kadi ya Msaada wa Matibabu (CAM), iliyokusudiwa kaya zisizo na ajira rasmi, yaani wakulima, wavuvi na wachuuzi. Kwa muda mrefu kadi hiyo ndiyo iliyokuwa daraja pekee kati ya mwananchi wa kawaida na matibabu ya bei nafuu.

Mwaka 2002 serikali iliingiza utaratibu wa mgonjwa kulipia gharama za matibabu. Matokeo yake yalielezwa katika ripoti ya Human Rights Watch ya Septemba 2006, iliyoonyesha wagonjwa maskini wakizuiliwa hospitalini hadi madeni yao yalipwe. Kabla ya ripoti hiyo kutoka, tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alikuwa ametangaza matibabu ya bure kwa watoto wenye umri chini ya miaka 5 na huduma ya bure kwa wanawake wanaojifungua. Hilo lilikuwa badiliko kubwa na lenye manufaa ya kweli. Mwaka 2012 CAM ilifufuliwa kwa ada ya faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka, mwenye kadi akichangia asilimia 20 ya gharama.

Katika ngazi ya sera, Burundi ilipitisha Sera ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii mwaka 2011, na tarehe 12 Mei 2020 ikatungwa sheria ya Kanuni ya Hifadhi ya Jamii, inayotambua mipango ya michango na mipango isiyo ya michango. Mradi wa Merankabandi uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwezi Desemba 2016 kwa dola milioni 40, ukaanza katika mikoa minne ya Gitega, Karuzi, Kirundo na Ruyigi. Ulilenga kaya maskini sana zenye watoto wadogo, na fedha zilikabidhiwa hasa kwa akina mama. Awamu ya pili ilipanua eneo la mradi na kuongeza shabaha ya ajira na shughuli za kujipatia kipato.

Ukiutazama mfululizo huu kwa jicho la umri, jambo moja linajitokeza. Umri wa mtoto umekuwa kigezo cha sera tangu 2006, nao hupimwa kwa usahihi. Umri wa mzee haujawa kigezo cha haki yoyote isipokuwa kwa yule aliyechangia. Mtoto wa miezi 59 anatibiwa bure kwa sababu ya umri wake. Bibi yake mwenye miaka 75, aliyelala kitanda cha pili katika zahanati hiyohiyo, anaulizwa kadi.

3.0 Kaya kama pazia

Sehemu ya kwanza anapopotea mzee ni kipimo cha kaya. Miradi ya fedha taslimu huchagua kaya kwa kutazama nyumba, mali, idadi ya wategemezi na hali ya chakula. Kipimo hicho kinadhani kwamba kinachoingia katika kaya kinawafikia wote walio ndani yake. Uzoefu wa mwambao hauthibitishi dhana hiyo. Mvuvi mzee asiyeweza tena kwenda ziwani huhamia kwa mwanawe. Katika daftari ameongeza idadi ya wanakaya, lakini hana sauti juu ya fedha. Akihamia kwa binti aliyeolewa, hadhi yake ni ya mgeni wa kudumu, na mgeni haombi.

Haki inadai pia kusema upande wa pili. Kigezo cha watoto kimewafikia baadhi ya wazee kwa njia ya pembeni, kwa kuwa mabibi wengi wanalea wajukuu. Hata hivyo, kinachomwingiza bibi huyo katika daftari ni mjukuu. Mjukuu akikua au akichukuliwa na ndugu wa upande wa pili, sababu ya bibi kuwemo imeondoka ingawa umri na udhaifu wake vimeongezeka. Na mzee anayeishi peke yake, ambaye kwa akili ya kawaida ndiye anayehitaji zaidi, hana mjukuu wa kumpitisha mlangoni.

Kipimo cha kaya kina udhaifu mwingine unaohusu ziwa lenyewe. Ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa pevu, samaki hawafuati taa na mitumbwi hupumzika ufuoni. Kipato cha nyumba ya mvuvi hupanda na kushuka kwa mwandamo wa mwezi. Afisa anayepita katika siku za giza ataona samaki wameanikwa na fedha zinazunguka, na anayepita wiki mbili baadaye ataona njaa. Utaratibu wa michango una kasoro hiyohiyo, kwa sababu mfumo uliobuniwa kwa mshahara wa tarehe 30 hauwezi kumshika baharia wa mtumbwi anayelipwa fungu la mavuno na tajiri mwenye nyavu. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi miaka 40 katika Ziwa Tanganyika bila kuacha mwezi mmoja katika vitabu vya INSS.

4.0 Ushahidi wa umri na wa makazi

Sehemu ya pili ni nyaraka. Ili kupata chochote, mzee anahitaji karangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, na anahitaji kuandikwa na mkuu wa kilima anakoishi. Kwa wengi sharti hilo ni la kawaida. Kwa wazee wa mwambao wa kusini, historia imelifanya kuwa zito.

Mwaka 1972 Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa mwanzo na umwagaji damu wa mwaka ule, na watu wengi walikimbilia Tanzania. Waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka 30. Kuanzia 2008 makumi ya maelfu walirejea Burundi, na wengine zaidi ya 160,000 wakachagua uraia wa Tanzania na kuupata. Waliorejea walikuta ardhi zao zinalimwa na wengine. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoanzishwa 2006, ilipokea migogoro yao, na baadhi yao waliwekwa katika vijiji vya amani kama kile cha Mutambara. Mtu aliyekimbia akiwa na miaka 25 na kurejea akiwa na miaka 61 ametumia umri wake wote wa kazi akilima tumbaku na mahindi upande wa pili wa mpaka. Hakuna mfuko wa nchi yoyote unaomtambua kuwa mchangiaji. Lugha aliyorudi nayo, na hasa watoto aliorudi nao, mara nyingi ni Kiswahili.

Mtu kama huyo hana cheti cha kuzaliwa. Mwaka wake wa kuzaliwa umekadiriwa na karani, mara moja kambini na mara nyingine wakati wa kurejea, na makadirio hayo mawili hayalazimiki kukubaliana. Endapo sera itaweka umri fulani kuwa sharti, tofauti ya miaka mitatu kati ya karatasi mbili inaweza kumaanisha miaka mitatu bila posho.

Mfano wa Uganda unaonyesha kwamba hofu hii si ya kinadharia. Mpango wa ruzuku kwa wazee wa nchi hiyo ulianza na watu wa miaka 65 na kuendelea, na miaka 60 kwa Karamoja, kwa malipo ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Ulipopanuliwa nchi nzima mwaka 2020, umri wa kuingia ulipandishwa hadi miaka 80, na kitambulisho cha taifa kikawa ndicho ushahidi. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti mwaka 2021 kwamba wazee walinyimwa malipo kwa sababu ya makosa ya tarehe katika kitambulisho au kwa kukosa kitambulisho chenyewe. Sera ilitangazwa kuwa imepanuka, na kijiografia ilipanuka kweli. Kwa mzee wa miaka 70 katika wilaya mpya, upanuzi huo ulikuwa tangazo la kusubiri miaka 10.

Suala la makazi nalo linabadilika chini ya miguu ya wazee. Ziwa limepanda na kufunika nyumba za ufuoni katika miaka ya hivi karibuni, hasa 2021 na 2024, na familia zimehamia sehemu za juu. Wakati huohuo ramani ya utawala imechorwa upya. Mkoa wa Rumonge ulioundwa mwaka 2015 haupo tena. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, na Rumonge ikawekwa katika mkoa mpya wa Burunga. Mageuzi ya utawala yana sababu zake, lakini kila orodha ya wahitaji iliyopangwa kwa komini ya zamani inapaswa kuhamishwa. Katika kuhamisha orodha, jina la mtu asiyeweza kwenda ofisini kuulizia ndilo linaloweza kupotea bila mtu yeyote kushtuka.

5.0 Sera inamwitaje mzee?

Sehemu ya tatu ni lugha, nayo haipewi nafasi katika tathmini nyingi kwa kuwa inadhaniwa kuwa jambo la tafsiri tu. Kifaransa cha sera kinamtaja mlengwa kuwa bénéficiaire. Kiswahili kimezoea kulifasiri neno hilo kuwa mnufaika. Mnufaika ni mtu aliyekwisha kupata, kwa hiyo neno hilo halimtaji yule anayedai na bado hajapata. Katika hatua hiyo Kiswahili cha ofisini kinamwita mwombaji. Neno lilelile linatumika kwa mtu anayenyoosha mkono mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa. Mzee aliyekuwa na mtumbwi wake, aliyelipa ushuru wa forodha miaka mingi, anapoambiwa ajaze fomu ya mwombaji anasikia maana zote mbili kwa pamoja.

Maneno mengine hayamsaidii zaidi. Asiyejiweza, linalolingana na uwutishoboye wa Kirundi, linamfafanua mtu kwa kile anachokosa, tena mbele ya majirani waliokusanyika kuthibitisha majina. Hati ya ufukara, inayotolewa ili mgonjwa asamehewe gharama, inamtaka mtu authibitishe ufukara wake kwa muhuri. Hapa inafaa kukumbuka kwamba jamii ya Waislamu wa Rumonge ina utaratibu wake wa kale wa kutofautisha fukara na maskini katika mafungu ya zaka, na kwamba katika utaratibu huo zaka ni haki ya anayepewa iliyomo katika mali ya anayetoa. Anayepokea hapokei hisani. Msamiati wa haki kwa hiyo upo katika Kiswahili na katika maisha ya watu hawa. Sera haikuutumia.

Majina ya mipango yenyewe yanasema mengi. Merankabandi maana yake ni uwe kama wengine. Ni jina lenye nia njema, lakini limemwelekea mtu kama amri, likichukulia kwamba kwa sasa hayuko kama wengine na kwamba atafika huko kwa kujitahidi. Kwa kijana na kwa mama mwenye watoto, jina hilo lina matumaini. Kwa mtu wa miaka 80 halina mahali pa kushika. Kenya ilichagua Inua Jamii, jina linaloitazama jamii nzima. Zanzibar, ilipoanza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango ambacho baadaye kilipandishwa hadi 50,000, ilichagua jina Pensheni Jamii. Pensheni ni neno la mtu aliyefanya kazi. Kwa kulitumia kwa mkulima wa mwani na mvuvi ambao hawakuajiriwa na mtu, serikali ilitamka kwamba kazi yao ilikuwa kazi. Uamuzi huo wa kilugha una matokeo ya kiutawala: anayedai pensheni anaulizwa umri, na anayeomba msaada anaulizwa umaskini. Swali la kwanza lina jibu moja, na la pili linajibiwa na majirani, wakuu wa vilima na bahati.

Kuna pia suala la taarifa. Kiswahili kinafundishwa katika shule za msingi za Burundi, lakini matangazo ya usajili, fomu na maelezo ya jinsi ya kukata rufaa hayajapewa nafasi ya kudumu katika lugha hiyo. Mzee wa mwambao anaelewa Kirundi cha mazungumzo. Kirundi cha kisheria kilichofasiriwa kutoka Kifaransa ni jambo lingine. Mtu asiyejua kwamba uamuzi unaweza kupingwa hana tofauti na mtu aliyenyimwa haki ya kuupinga.

6.0 Hoja za upinzani

Zipo hoja mbili nzito dhidi ya uhakiki huu. Ya kwanza ni ya bajeti: Burundi ni miongoni mwa nchi maskini kuliko zote duniani, na pensheni kwa wote ni ndoto. Hoja hii inastahili heshima, lakini haijibu kilichoulizwa. Gharama ya pensheni ya wazee hutegemea umri wa kuanzia na kiwango cha malipo, na vyote viwili vinaweza kupangwa kwa hatua. Kenya ilianza kwa kuchagua wazee maskini, kisha mwaka 2018 ikafungua mlango kwa kila mwenye miaka 70, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Isitoshe, marekebisho mengi yanayopendekezwa hapa hayahitaji pensheni mpya. Kusahihisha tarehe, kuhamisha orodha kwa uangalifu na kutangaza kwa lugha inayoeleweka ni kazi ya utawala.

Hoja ya pili inasema watoto kwanza, kwa kuwa fedha iliyotumika kwa mtoto huzaa miaka 50 ya mbele. Katika mwambao wa ziwa, hata hivyo, mtoto na mzee hawaishi katika bajeti mbili. Bibi ndiye anayebaki na mtoto mama anapokwenda kukausha ndagala au kukamua mawese. Bibi akiugua bila kadi, mtu wa kwanza kuacha kazi ni mama, na wa pili kuacha shule ni binti.

7.0 Maswali manne ya kupimia

Makala haya yanapendekeza kwamba badiliko lolote la masharti, liwe la CAM, la Merankabandi au la kanuni za utekelezaji wa sheria ya 2020, lipitishwe kwanza katika maswali manne.

Kwanza, nani anayepata leo ambaye hatapata kesho, na atalindwaje katika kipindi cha mpito? Kigezo kipya kisimwondoe aliyemo kabla hali yake haijatazamwa upya ana kwa ana.

Pili, asiye na karatasi atathibitishaje? Sensa za Kiafrika zimetumia kwa muda mrefu kalenda ya matukio kukadiria umri. Wazee wa Rumonge wanayo ya kwao: kuuawa kwa Mwanamfalme Louis Rwagasore mwezi Oktoba 1961, uhuru wa Julai 1962, kupanda kwa ziwa kwa miaka iliyofuata, na mwaka 1972. Ushahidi wa bashingantahe, wa jumuiya za wavuvi na wa msikiti au parokia uandikwe rasmi kuwa unakubalika, ili kukubaliwa kwake kusitegemee huruma ya karani.

Tatu, je, mzee anaweza kuhesabiwa ndani ya kaya akiwa mtu? Daftari liwe na safu ya umri, ulemavu na uhusiano wa kila mwanakaya, na taarifa za mradi zitolewe kwa mgawanyo huo.

Nne, mzee atasoma au atasikia wapi kwamba amekataliwa, kwa sababu gani, na aende kwa nani? Jibu litolewe kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kwa sauti na kwa maandishi, naye aitwe mdai au mwenye haki, asiitwe mwombaji.

8.0 Hitimisho

Mabadiliko ya sera ya hifadhi ya jamii nchini Burundi yameokoa maisha, hasa ya watoto na ya akina mama, na hakuna uhakiki unaopaswa kulificha hilo. Kilichoonyeshwa hapa ni kwamba kipimo kinachotumika kuyasifu mabadiliko hayo hakiwezi kumwona mzee wa mwambao, kwa kuwa amefichwa na kaya, ameangushwa na tarehe na ameitwa kwa jina lisilomstahili. Sheria ya 2020 imekwisha kutambua mipango isiyo ya michango. Kanuni za utekelezaji zinazoifuata ndizo zitakazoamua kama mvuvi wa Rumonge ataulizwa umri wake au ataulizwa ufukara wake. Wataalamu wa lugha wana kazi mahususi katika uamuzi huo, nayo ifanyike kabla fomu hazijachapishwa.